Kwa Nini Moyo Huenda Ovyo Baada ya Kupasuliwa?

Msomaji, weka vidole viwili vya mkono wa kuume juu ya kifundo cha mkono wako wa kushoto, upande wa kidole gumba. Ngoja kidogo. Utasikia mshipa ukipiga. Hesabu kwa dakika moja nzima. Ikiwa u mtu mzima na umeketi kimya, utapata mapigo 60 mpaka 100, na kila pigo litafuata lingine kwa nafasi iliyo sawa, kama mama anayetwanga bila haraka. Jizoeze kufanya hivi leo, maana vidole hivi tutavihitaji tena mbele.

Sasa tuseme baba yako ana miaka 70. Amepasuliwa moyo siku ya Jumatatu, na kazi imekwenda vema. Jumanne amefungua macho na kukutambua. Jumatano amekunywa uji, amekaa kitini, nawe umetuma habari njema nyumbani. Jioni ile anasema, "Kuna kitu kinarukaruka kifuani." Unashika mkono wake. Mapigo mawili ya haraka, kisha kimya, kisha pigo moja dhaifu, kisha matatu ya mbio. Mashini iliyo karibu na kitanda inalia, na waganga wanakuja upesi. Kabla ya usiku kuingia, mtu mmoja wa ukoo amekwisha kutaja jina la jirani aliyemroga mzee, na mwingine anasema kwamba mganga amekata vibaya.

Wote wawili wamekosea. Jambo hili lina siku zake na lina sababu zake, na waganga wanalingojea. Sababu nyingine hakuna mtu awezaye kuzigusa. Lakini nyingine zimo mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake, na hizo sharti zijulikane kabla ya siku ya kupasuliwa.

Kazi hii ya kupasua ni kazi gani?

Moyo hulisha mwili wote kwa damu, lakini wenyewe pia unahitaji kulishwa. Kwa nje umezungukwa na mishipa midogo inayouletea damu yake. Mafuta yakiganda ndani ya mishipa hiyo, njia inakuwa nyembamba, na mtu anasikia kifua kubanwa anapopanda kilima au kubeba mzigo. Mti ukianguka barabarani, watu hawangoji mpaka uoze. Wanakata njia ya pembeni na kupita. Mganga wa kupasua hufanya vivyo hivyo. Anachukua mshipa wa mguuni, au ule ulio nyuma ya mfupa wa kifua, na kuushona chini ya mahali palipozibwa, ili damu ipite huko.

Mwaka 1964 Vasilii Kolesov alifanya kazi hii huko Leningrad kwa mshipa wa kifuani. Mwaka 1967 René Favaloro, mganga wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, alianza kutumia mshipa wa mguuni, na tangu hapo kazi hii imeenea duniani. Mara nyingi moyo unasimamishwa kwa muda, na mashini inachukua mahali pake kupitisha damu na kuitia hewa. Mashini ya namna hiyo ilifaulu mara ya kwanza kwa mtu mikononi mwa John Gibbon, huko Philadelphia, tarehe 6 Mei 1953.

Wagonjwa wengi wa Kongo wanaohitaji kazi hii hufunga safari ya ndege hadi India au Afrika Kusini. Kumbuka neno hili la safari. Lina sehemu yake katika habari yetu.

Mwendo unapotea namna gani?

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika chumba cha juu cha kuume pana mahali padogo panapotoa amri ya kila pigo. Fikiri mtumbwi mkubwa wa mtoni wenye wapiga kasia ishirini. Mmoja aliye mbele anaimba, na wote wanatia kasia majini pamoja, na mtumbwi unakwenda. Sasa sauti ya mwimbaji haisikiki tena, na kila mtu anapiga kasia apendavyo. Maji yanarushwa, jasho linatoka, na mtumbwi unatikisika tu pale pale. Hivyo ndivyo vyumba vya juu vinavyofanya wakati huo: vinatetemeka, havisukumi. Na vyumba vya chini, kwa kuwa vinapokea amri nyingi zisizo na utaratibu, vinakwenda mbio na kwa kuyumba. Waganga huita hali hii fibrilasio. Sisi tutaiita mwendo wa ovyo.

Mara nyingi mwendo huu hupita. Wengine hata hawausikii. Lakini si wa kudharauliwa. Nguvu ya damu inaweza kushuka, mgonjwa akachoka na kukosa pumzi. Anakaa hospitali siku nyingi zaidi, na kila siku ni gharama. Tena katika chumba cha juu cha kushoto kuna kifuko kidogo. Damu isiyosukumwa vema hukaa humo na kuganda. Donge la damu likitoka humo na kupanda kichwani, mtu anapooza upande mmoja. Ni msiba mkubwa kwa mzee aliyekwisha kuvuka kisu salama.

Je, wanaopatwa ni wangapi? Mwaka 2004 ilitolewa habari ya wagonjwa 4,657 waliopasuliwa kwa ajili ya mishipa ya moyo katika hospitali 70 za nchi 17. Kati ya kila 100, kama 32 walipatwa na mwendo wa ovyo. Ni karibu mtu mmoja kwa kila watatu. Huanza zaidi siku ya pili au ya tatu. Basi baba yako hakuchaguliwa na jirani.

Nani yuko katika hatari zaidi?

Sababu iliyo kubwa kupita nyingine ni umri. Nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa kijana ni laini, na amri hupita ndani yake kama maji katika mfereji safi. Miaka inapozidi, nyuzi nyingine za nyama zinakufa na mahali pake panajaa kitu kigumu kama kovu. Amri inapofika hapo inazuiwa, inazunguka, inarudi nyuma, na hapo vurugu inaweza kuanza. Kila miaka kumi inayoongezwa inaongeza hatari. Umri hauna dawa. Lakini ukijua kwamba mzee wako ana miaka 70 au 75, mwambie mapema kwamba jambo hili laweza kumfikia siku ya tatu. Hofu inapungua sana mtu akiwa ameambiwa.

Sababu ya pili: moyo uliokwisha kwenda ovyo zamani hurudia upesi. Hapa watu wengi hufanya kosa. Mzee anajua kwamba mwaka uliopita moyo wake ulikimbia usiku mmoja mpaka asubuhi, lakini hakumwambia mtu. Anafika hospitali ya mbali, mganga anamwuliza kwa lugha asiyoijua vema, naye anatikisa kichwa kwa adabu. Jibu hilo linaandikwa kuwa hapana. Wewe unayemsindikiza, mwulize nyumbani, kwa lugha yake, bila haraka: "Baba, moyo wako umewahi kukimbia wenyewe, au kurukaruka?" Akisema ndiyo, liandike katika karatasi, na uhakikishe kwamba mganga amelisoma.

Kisha kuna mambo yanayotanua vyumba vya juu. Tansio ya damu iliyokaa miaka mingi bila dawa ni moja. Ugonjwa wa vilango vya moyo ni jingine. Huku Afrika tunaujua ugonjwa huo vema: mtoto anaumwa koo, viungo vinavimba, na baada ya miaka kilango cha moyo kinakuwa kigumu. Chumba kilichotanuka kinapoteza mwendo kwa urahisi, kama ngozi ya ngoma iliyolegea isiyotoa sauti yake. Mtu anayetengenezewa vilango pamoja na mishipa siku ile ile ana hatari kubwa kuliko yule wa mishipa peke yake.

Mapafu yaliyoharibiwa na tumbako yamo pia katika hesabu. Vivyo hivyo moyo uliokwisha kudhoofika, na figo mbovu. Wanaume wanapatwa kuliko wanawake. Huko Marekani watu weusi wameonekana kupatwa mara chache kuliko weupe, lakini jambo hilo lisikufariji sana, maana wanapatwa hata hivyo. Unene ni sababu, na pamoja nao lile koromo la usiku ambalo pumzi inakatika kabisa kisha inarudi kwa kishindo. Mwenye kukoroma hajui. Mkewe ndiye ajuaye. Amwambie mganga yeye mwenyewe, bila haya. Mwenye kunywa pombe nyingi naye aseme kweli juu ya kiasi chake, kwa sababu pombe inausumbua moyo, na hata kuiacha ghafula kitandani kunaleta taabu ambayo waganga wanaweza kuizuia wakijua.

Kwa nini siku ya pili au ya tatu?

Watu huuliza: kama ubaya ni wa kisu, mbona hauonekani siku ile ile? Ni kwa sababu mwili huchukua muda kujibu. Moyo umefunikwa na mfuko mwembamba, na mfuko huo umefunguliwa. Kinachoguswa kinavimba na kuwaka, na uvimbe huo unazidi siku zinazofuata. Maji aliyotiwa mgonjwa yanarudi katika mishipa na kuvitanua vyumba. Maumivu na hofu vinatoa katika damu ile dawa ya mwili yenyewe inayokimbiza moyo, kama unapokutana na nyoka njiani. Kama pumzi ni haba, au homa imeingia, moyo uliochoka unazidi kusukumwa. Kwa hiyo mwuguzi akimwambia mzee akohoe huku akikumbatia mto kifuani, au avute pumzi ndefu mara kumi, usimwonee huruma na kusema aachwe alale. Mazoezi yale ni ya kuokoa.

Kuna jambo jingine ambalo limeeleweka vema miaka ya karibuni. Damu na maji yanayobaki nyuma ya moyo, ndani ya mfuko wake, yanauchokoza. Mwaka 2021 waganga wa New York walieleza habari ya wagonjwa 420 waliopasuliwa moyo. Kama nusu yao walifanyiwa tundu dogo upande wa nyuma wa mfuko, ili maji yateremke karibu na pafu la kushoto, ambako yanaweza kutolewa. Wale waliofanyiwa tundu, 17 katika 100 walipatwa na mwendo wa ovyo. Wale wasiofanyiwa, 32 katika 100. Tundu moja dogo! Si kila mganga anayelifanya, na si kila mgonjwa anayefaa, lakini si vibaya kuuliza.

Habari ya kidonge kilichoachwa

Hapa, msomaji, nakuomba usome polepole.

Wagonjwa wengi wa moyo wanakunywa dawa ya kutuliza moyo usikimbie. Majina yake huishia kwa sauti moja: propranololi, atenololi, metoprololi, bisoprololi. Dawa hiyo inafunga mlango ambao ile dawa ya hofu na maumivu hupitia kuingia moyoni. Mtu akiinywa miezi mingi, moyo unaizoea. Unafungua milango mingine midogo mingi ili uendelee kusikia. Sasa mtu huyo akiiacha ghafula, milango yote imekuwa wazi kwa siku moja, tena ni siku ile ambayo mwili umejaa maumivu. Katika uchunguzi ule wa 2004, wale waliokuwa na dawa hii kisha wakaikosa baada ya kupasuliwa walipatwa na mwendo wa ovyo kuliko wenzao. Wale walioendelea kuipata walipatwa kidogo.

Nao huikosa namna gani? Si kwa uasi. Mmoja anaambiwa, "Usile wala kunywa kitu tangu usiku wa manane," naye kwa utii anaacha na vidonge. Mwingine ameviweka katika sanduku kubwa la ndege, sanduku likachelewa siku mbili. Mwingine aliona fedha zinakwisha, akasema, nitapasuliwa wiki ijayo, ya nini kununua tena? Mwingine amehamishwa kutoka chumba cha wagonjwa mahututi kwenda chumba cha kawaida, na karatasi ya dawa haikumfuata.

Basi fanya hivi. Vidonge vya moyo vikae katika mkoba wa mkononi, pamoja na paspoti. Siku moja kabla ya kupasuliwa uliza wazi: "Kesho asubuhi anywe kipi kwa funda moja la maji, na kipi aache?" Maana kuna dawa ambazo kweli huachwa, kama zile nyingine za kuyeyusha damu, na mganga ndiye ajuaye. Siku inayofuata kupasuliwa uliza tena: "Ile dawa yake ya kutuliza moyo, atairudia lini?" Wewe ndugu wa mgonjwa unaweza kuuliza swali hili kwa heshima, na mganga mwema hatakasirika.

Lakini usimwanzishie mtu dawa hii wewe mwenyewe, wala usimpe ya jirani. Kwa mwenye pumu inaweza kufunga pumzi, na kwa mwenye moyo wa polepole inaweza kuusimamisha.

Habari ya chumvi za damu

Katika damu mna chumvi nyingi, nasi tunazijua mbili zinazouhusu mwendo wa moyo: potasiamu na magnesiamu. Mwenye kuhara, au anayekunywa dawa ya kukojoza maji, huzipoteza. Zikipungua sana moyo unachafuka.

Kwa miaka mingi hospitali nyingi zilikuwa na desturi ya kumtilia mgonjwa potasiamu mshipani mara ilipoteremka kidogo tu chini ya kiasi cha juu, yaani 4.5. Mwaka 2024 ilitolewa habari ya wagonjwa 1,690 wa Uingereza na Ujerumani waliopasuliwa kwa ajili ya mishipa ya moyo. Wengine walitiliwa kama desturi ilivyo. Wengine walitiliwa tu iliposhuka chini ya 3.6. Mwendo wa ovyo uliwapata 26 katika 100 upande mmoja na 28 upande wa pili. Hakuna tofauti ya kutegemea. Kwa hiyo usilalamike kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili ametundikiwa chupa na baba yako hakutundikiwa. Wala usimjazie ndizi kumi kwa siku. Mwenye figo mbovu anaweza kufa kwa potasiamu iliyozidi.

Na kama mwendo wa ovyo umekuja?

Waganga wataangalia kwanza kama nguvu ya damu inatosha. Kama imeanguka vibaya, watamlaza usingizi na kuupiga moyo kwa umeme mara moja ili urudi katika mwendo wake. Ukisikia neno umeme usipige kelele. Ni kazi ya muda mfupi. Kama mgonjwa ana nguvu, watarekebisha hewa, maumivu na chumvi, kisha watachagua: kumpa dawa ya kupunguza mbio tu, au dawa ya kurudisha mwendo, kama amiodaroni. Mwaka 2016 njia hizi mbili zilipimwa kwa wagonjwa 523 wa Marekani na Kanada waliopatwa baada ya kupasuliwa moyo. Hakuna iliyoishinda nyingine. Baada ya siku 60, zaidi ya 9 katika 10 wa pande zote mbili hawakuwa tena na mwendo wa ovyo. Basi, mganga wa baba yako akitumia njia moja na rafiki yako akakuandikia kwamba kwao walitumia nyingine, usiwaze kwamba mmoja wao ni mjinga.

Kazi yako ni kukaa karibu, kusema na mzee kwa sauti ya utulivu, na kupunguza wageni. Dawa za mizizi kutoka nyumbani zisiingie chumbani. Mganga hajui zina nini, na hawezi kuzipatanisha na dawa zake.

Siku za kurudi

Mwendo ukiwa umedumu, wagonjwa wengi wanapewa dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi kwa siku 60 hivi, kisha mganga anapima upya kama bado inahitajiwa. Kama dawa hiyo ni warfarini, damu sharti ipimwe mara kwa mara, na kabla ya kupanda ndege uliza ni hospitali gani ya mji wako inayoweza kuipima. Majani mabichi ya kupikwa kama sombe na lengalenga yanapunguza nguvu ya warfarini. Mzee asiyaache, ale kiasi kile kile alichozoea kila juma, asikae mwezi bila sombe kisha akala sahani tatu siku ya karamu. Kinyesi kikiwa cheusi, au damu ya pua isipokoma, aende hospitali. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au maneno yakichanganyika, aende saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama baada ya nusu saa anasema amepona.

Kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake na uhesabu dakika nzima. Andika tarehe na hesabu katika daftari. Yakipita 110 akiwa amelala kimya, au nafasi zikikosa kuwa sawa tena, mpeleke daftari na mgonjwa pamoja. Chukua pia ile karatasi ndefu yenye mistari iliyochorwa na mashini ya moyo siku ya tatu. Wengi huiacha hospitali kule mbali kwa kuwa haina maneno. Omba nakala yake, ikunje na kuiweka katika mfuko wa plastiki pamoja na barua ya mganga, kwa maana mwuguzi wa kwenu hataweza kulinganisha mwendo wa leo na ule wa kwanza kama hajauona.